Hysteria, albamu iliyomsubiri mpiga dramu

Ukimtajia mtu Def Leppard, ile bendi ya rock ya Uingereza, kama anawajua kabisa, atakwambia "aah, wale wenye mpiga dramu wa mkono mmoja", af anaishia hapo kama vile kamaliza habari yote. Mimi kila nikisikia hivyo natamani nimkalishe chini, maana hapo ndo habari inaanza. Kwa sisi tunaopiga muziki wa vikundi huku Mbeya, kwaya, bendi za harusi na hizi studio zetu za chumba kimoja, sijaona albamu inayotuhusu kama Hysteria yao ya 1987, kwa sababu ni albamu ya watu waliokua na "volyum one" iliyopasua kila mahali na halafu "volyum two" ikakataa kuisha.

Na rock sio kitu kigeni kwetu nyanda za juu kusini kama watu wanavyodhani. Hapo ng'ambo ya Tunduma tu, Zambia, miaka ya sabini vijana walikua wanapiga magitaa ya umeme yanayokwaruza kwelikweli, WITCH, Amanaz, Paul Ngozi, muziki ambao leo dunia nzima inautafuta kwa jina la zamrock. Sisi tuko njiani, barabara inapita hapa, reli ya TAZARA inapita hapa, kwa hiyo sishangai kwamba kaka zetu wengi walikua na masikio ya gitaa la umeme kabla hata hatujazaliwa. Def Leppard mimi niliwapata kwenye kaseti ya kaka yangu mkubwa, ile ya kurekodiwa kibandani, dakika sitini, thelathini upande huu thelathini upande ule. Sasa Hysteria ina zaidi ya dakika 62 na upande wa kwanza peke yake unazidi nusu saa, yaani haienei kwenye kaseti ya sitini hata ufanyeje, kwa hiyo wimbo wa mwisho wa upande A ulikua unakatwa shingo jamaa wakiwa bado wanaimba. Nimekuja kuusikia mpaka mwisho nikiwa mtu mzima.

Haya, tuanze. Hawa jamaa ni watoto wa Sheffield, mji wa viwanda vya chuma kaskazini mwa Uingereza, bendi ilianza 1977 wakiwa vijana wadogo kabisa. Mpiga dramu, Rick Allen, alijiunga 1978 akiwa na miaka 15. Joe Elliott anaimba, Rick Savage besi, Steve Clark gitaa, na gitaa la pili lilikua la Pete Willis mpaka 1982 alipotolewa akaingia Phil Collen, hilo la Willis nitalirudia maana lina uzito wake. Albamu mbili za kwanza ziliwajenga polepole, ya tatu, Pyromania, ikatoka Januari 1983 na kuwarusha. Marekani ilifika namba 2 na ikagoma hapo, kwa sababu namba 1 alikua amekaa Michael Jackson na Thriller na mwaka ule hakuna aliyemtoa kirahisi. Iliuza mamilioni mwaka huohuo mmoja. Allen hapo hata miaka ishirini hajafika.

Nani amewahi kuwa kwenye kwaya ambayo volyum one ilivuma anajua kinachofuata. Kila harusi, kila mkutano wa injili, kila mtu unayekutana naye pale Mwanjelwa ukinunua viazi anakuuliza "ya pili lini?", na anakuuliza kwa upendo kabisa, hana ubaya, lakini lile swali linaingia chumba cha mazoezi. Watu waliokua wanatunga kwa raha wanaanza kutunga wakiwa wanaangalia nyuma. Mwimbishaji anataka wimbo ufanane na ule uliovuma, mpiga solo anasema tukirudia tutachekwa, mwalimu wa kwaya anasema tumwachie Mungu, na studio inadai hela yake. Nimeshaona vikundi vizuri sana vya huku kwetu, kuanzia Tukuyu mpaka Makambako, vinavunjika katikati ya volyum two. Nyimbo zilikuwepo. Watu ndo walishindwa kukaa pamoja.

Sasa hawa Def Leppard walikua na mtu mmoja ambaye bila yeye Pyromania isingekua vile, prodyuza wao Robert John Lange, wanamwita Mutt. Na hapa watu wa Mbeya naomba mkae vizuri: Mutt Lange amezaliwa Mufulira, Copperbelt, Zambia, mwaka 1948. Mufulira hiyo hiyo ambayo madereva wetu wa malori ya Kongo wanaijua. Akakulia Afrika Kusini, baadaye akaenda Uingereza, akatengeneza Back in Black ya AC/DC ya 1980, na ndiye aliyekua nyuma ya hizi sauti za Def Leppard zinazosikika kama watu hamsini wanaimba kiitikio kimoja. Mimi nikimwelezea mtu wa huku habari ya Lange naanzia Mufulira, sianzii London, kwa sababu inabadilisha kabisa namna mtu anavyosikiliza.

Basi mapema 1984 bendi ikakaa Dublin, Ireland, kutunga. Lange akawa nao kwenye maandalizi, lakini alikua amefanya kazi albamu juu ya albamu bila kupumzika na akasema hapana, nimechoka, siwezi. Fikiria hiyo. Hamjarekodi hata noti moja ya maana na mtu mnayemtegemea kaondoka, na hajaondoka kwa ugomvi ambao mngeweza kuusuluhisha, kaondoka kwa sababu mwili umekataa.

Wakamchukua Jim Steinman, yule aliyetunga nyimbo za Bat Out of Hell za Meat Loaf, wakaenda nae Hilversum, Uholanzi, studio za Wisseloord. Haikuenda. Steinman alitaka bendi isikike kama watu wanaopiga laivu chumbani, mbichi, na wao walikua wanatafuta kitu kilichosuguliwa mpaka king'ae, tena king'ae kuliko Pyromania. Mimi simlaumu Steinman hata kidogo, kuna albamu nyingi ambazo ubichi ndo utamu wake, ila hakua amewaelewa hawa wanatafuta nini na wao hawakuweza kumwelewesha. Wakalipa hela ya kumwachisha wakaachana nae. Halafu wakajaribu kujirekodi wenyewe na Nigel Green, aliyekua injinia wa Lange. Na hiyo ndo 1984 yote imekwenda hivyo, studio ya bei mbaya, nchi ya watu, na hakuna albamu. Nalikazia hili kwa sababu wengi wanadhani Hysteria ilichelewa kwa sababu ya ajali. Hapana, ilikua imeshachelewa kabla ya ajali, walikua wameshapotea njia wakiwa wazima wote watano.

Tarehe 31 Desemba 1984, mchana, Rick Allen anaendesha gari lake aina ya Corvette nje ya Sheffield, barabara ya milimani inaitwa Snake Pass, kona juu ya kona. Mtu wa huku akitaka picha yake afikirie Kitonga au ule mteremko wa Igawilo, zile kona ambazo kondakta mwenyewe anakaa kimya. Gari likamshinda, likaacha njia, mkono wa kushoto ukakatika palepale. Madaktari walijaribu kuurudishia, ukapata maambukizi, ikabidi uondolewe kabisa. Alikua na miaka 21.

Ngoja nieleze dramu kidogo kwa wasiopiga, maana bila hivyo huwezi kuona ukubwa wa alichofanya. Mpiga dramu wa kawaida anayetumia kulia, mguu wa kulia uko kwenye dramu kubwa, ule mdundo wa chini "du", mguu wa kushoto unafungua na kufunga vile visahani viwili vya hai-hati, mkono wa kulia unahesabu juu ya visahani, na mkono wa kushoto ndo unapiga snea, ule mlio wa "pa" unaokufanya upige makofi kanisani hata kama hutaki. Kwa hiyo alipopoteza mkono wa kushoto alipoteza "pa". Ukitoa hiyo kwenye wimbo wa rock, wimbo unakosa mgongo.

Akiwa bado kitandani hospitali akaanza kugundua kwamba miguu yake inaweza kucheza zile midundo zote, akawa anagongagonga kwa miguu, kichwa kinajua kila kitu, kinachotakiwa ni kubadilisha tu nani anafanya nini. Lange, yule aliyekua amechoka akaondoka, akaenda kumwona na kumtia moyo. Baadae kampuni ya Simmons ya dramu za umeme ikamtengenezea seti, mguu wa kushoto ukapewa pedali kadhaa, moja inatoa snea, nyingine zinatoa zile ngoma za katikati, mkono wa kulia na mguu wa kulia wakaendelea na kazi zao. Sasa jaribu wewe msomaji, hata ukiwa umekaa kwenye kiti hapo ulipo, mpe mguu wa kushoto kazi ya mkono wa kushoto kwa mwendo wa wimbo wa haraka. Mpiga dramu wetu hapa Mbeya nilimwomba ajaribu akiwa na mikono yake yote, akakaa kimya muda mrefu af akasema huyu mtu amezaliwa mara mbili.

Na sasa nafika kwenye ile sehemu inayonifanya niandike. Watu husema bendi ilimsubiri Rick Allen kwa sababu bila dramu utarekodi nini. Sio kweli. Wangeweza kurekodi bila yeye, tena kirahisi. Lange aliporudi 1985 (alirudi, amepumzika, akasema tuanze upya) alikua anajenga albamu kwa namna ambayo mpiga dramu hahitajiki chumbani kwa muda mrefu sana. Wanaanza na mashine ya dramu inayoshika mwendo tu, juu yake wanaweka magitaa, besi, sauti, na dramu zenyewe zinakuja kuwekwa mwishoni kabisa, kwa sauti zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya Fairlight, mlio mmoja mmoja, unapangwa. Magitaa hawakuyapiga kwenye maampu makubwa, walipitisha kwenye kidude kidogo kinaitwa Rockman ambacho alikibuni Tom Scholz wa bendi ya Boston. Kuna sehemu kwenye wimbo uliobeba jina la albamu Lange alitaka kodi ya gitaa, yaani nyuzi kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, irekodiwe uzi mmoja mmoja, unapiga uzi wa kwanza peke yake, unarekodi, unarudi wa pili, unarekodi, mpaka kodi itimie, eti ndo kila uzi usikike wazi. Mtu anayefanya kazi hivyo angeshindwa nini kuweka dramu za mashine na kumaliza? Au kumwita mpiga dramu yeyote hodari wa London, alipwe, aende zake?

Kwa hiyo kusubiri kwao hakukuwa kwa ufundi. Joe Elliott na wenzake wamesema miaka yote kwamba kumtoa Allen halikua jambo la kujadiliwa, uamuzi aliachiwa yeye mwenyewe, akiweza anapiga, akiona hawezi atasema. Na yeye akasema naweza. Ile kwamba studio ilikua inakula hela kila siku haikubadilisha hilo.

Sasa Pete Willis. Nimesema nitamrudia, na namrudia kwa sababu sipendi hadithi ya bendi ikigeuzwa kuwa hadithi ya malaika. Hawa hawa, 1982, katikati ya kurekodi Pyromania, walimtoa Willis kwa sababu ya pombe, na Willis ni mmoja wa walioianzisha bendi. Magitaa aliyokua ameshayarekodi yakabaki kwenye albamu, yeye akaondoka, Collen akaingia akamalizia. Kwa hiyo walijua kabisa jinsi ya kumtoa mtu na kazi ikaendelea, na walishaona inavyolipa, maana Pyromania ndo ile iliyouza mamilioni. Ndo maana 1985 inanigusa zaidi. Hawakusubiri kwa sababu hawajui njia nyingine, njia nyingine waliijua na walishaipita.

Mwaka huohuo 1985 huku kwetu, kwenye dansi, ndo mwaka ambao wanamuziki kadhaa muhimu wa bendi ya Mlimani Park walichukuliwa wakaenda kuunda International Orchestra Safari Sound. Na Mlimani Park yenyewe ilizaliwa 1978 na watu waliotoka Dar International. Nayataja haya bila kumnyooshea mtu kidole, nyimbo zilizotoka kwenye kuhamahama kule ni nyimbo ambazo mimi nazipenda mpaka leo na nazipiga kwenye harusi, na wanamuziki walikua na familia za kulisha, anayekuja na mshahara mzuri zaidi na vyombo vipya utamkataaje. Ila tumekua na huo utamaduni kwa muda mrefu mpaka tunaona mtu kwenye bendi ni kama betri, ikiisha unaweka nyingine, na nadhani ndo maana kwaya zetu nyingi ukisikiliza volyum one na volyum three ni watu tofauti kabisa wenye jina moja.

Turudi. Mpaka 1986 bado wanarekodi, Dublin, Uholanzi, Paris, na Allen anajifunza upya. Agosti mwaka huo wakaamua kumrudisha jukwaani. Walifanya shoo ndogondogo Ireland kwanza, na kwa tahadhari wakamweka mpiga dramu wa pili pembeni yake, Jeff Rich wa Status Quo, wapige wote wawili, Allen akikwama mwingine anashika. Siku moja Jeff Rich akachelewa kufika na muda wa shoo umefika, Allen akaanza peke yake, na akaweza. Rich mwenyewe alipoona hivyo ikawa wazi kwamba kazi yake imeisha. Tarehe 16 Agosti 1986 wakapanda jukwaa la Monsters of Rock pale Donington, uwanja umejaa, Allen nyuma ya ile seti yake peke yake, na Elliott alipomtambulisha watu walipiga kelele ambayo Allen amesimulia mara nyingi kwamba ilimtoa machozi. Nikiangalia picha za siku ile na mimi huwa sivumilii.

Ungedhani hapo mambo yamenyooka. Elliott akaugua matubwitubwi, mwimbaji, shingo imevimba, hawezi kuimba. Novemba Lange nae akapata ajali ya gari, akaumia miguu. Kwakweli ukifika hapa kwenye simulizi unaanza kuuliza kama kuna mtu aliwalaani, na huku kwetu lazima kuna mzee angeshasema waende wakaangaliwe.

Na wimbo uliokuja kuibeba albamu nzima ulikuja mwisho kabisa, wakati kila mtu anajua kazi imekwisha. Ni mapumziko, Elliott ameshika gitaa anapiga kodi chache na kuimba kipande cha kiitikio kilichokua kichwani, Lange akasikia akauliza hiyo nini, akasema acha yote, hii tunairekodi. Ndo Pour Some Sugar on Me. Haikuwachukua hata wiki mbili, baada ya miaka mitatu ya kusugua zile nyingine! Nikiwaambia vijana wa studio hili wanafurahi sana wanasema kumbe haraka ndo inafaa, mi nawaambia angalieni vizuri, zile wiki mbili ziliwezekana kwa sababu mikono yote ilikua imeshafundishwa na ile miaka mitatu, sauti zilikua zimeshapatikana, mashine imeshajulikana, na mpiga dramu ameshajua mguu wake unafanya nini.

Mapema 1987 wakamaliza kurekodi, Lange akachukua miezi mingine ya kuchanganya sauti, na tarehe 3 Agosti 1987 ikatoka, miaka minne na nusu baada ya Pyromania. Jina la albamu alilitoa Rick Allen mwenyewe, akifikiria yale yaliyompata na jinsi magazeti yalivyomfukuzia. Uingereza ikaingia namba 1 moja kwa moja. Marekani ikawa inasuasua, na bendi wenyewe wamesema gharama zilikua zimefika mahali ambapo ilibidi iuze karibia nakala milioni 5 ndo wasiwe na hasara. Milioni 5! Ilikua inatembea tu, singo ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka Sugar ilipotoka kama singo na mambo yakawaka, na Julai 1988, baada ya wiki 49 kwenye chati, ndo ikafika namba 1 ya Marekani. Lange alikua amewaambia kila wimbo uwe na uwezo wa kusimama peke yake kama singo, kama Thriller ilivyokua, na kweli zikatoka singo saba. Leo imeshapita nakala milioni 20 duniani.

Nikiishia hapo ninyi mtafurahi na mimi nitafurahi, lakini kuna Steve Clark, na yeye ndo ananifanya nisiseme kwamba kusubiri ni dawa ya kila kitu. Clark ndiye aliyekua anatunga zile rifu, vile vipande vya gitaa vinavyojirudia, zenye umbo la ajabu, gitaa limening'inia magotini, mtu mpole kwa maelezo ya kila aliyemjua. Alikua na ugonjwa wa pombe na mafanikio ya Hysteria hayakuutibu, yaliupa tu hela na muda. Walipoanza albamu iliyofuata, mwaka 1990, bendi ikampa likizo ya miezi sita, nenda ukapone, nafasi yako ipo. Naomba mlione hilo: hao ndo watu walewale waliomtoa Willis kwa tatizo hilohilo miaka minane nyuma. Safari hii walisubiri. Tarehe 8 Januari 1991 Clark akakutwa amefariki nyumbani kwake London, pombe na dawa za hospitali vimechanganyika, alikua na miaka 30. Collen akapiga magitaa yote mawili kwenye albamu, akijifunza namna ya kupiga sehemu za rafiki yake kutoka kwenye rekodi za majaribio, na Adrenalize ikatoka 1992, ndipo wakamchukua mpiga gitaa Vivian Campbell.

Jeraha la Allen kila mtu aliliona. Alipolala hospitali dunia nzima ilijua amelala, na alipoamka kulikua na vitu vya kufanya, pedali za kutengeneza, miguu ya kufundisha. La Clark lilikua linakaa kwenye kiti nae studio, linacheka na watu, na hakuna kampuni inayotengeneza pedali ya hilo. Ninapofikiria vikundi vyetu huku, mara nyingi anayepotea sio aliyevunjika mguu kwa bodaboda, huyo tunamchangia siku hiyohiyo. Ni yule anayechelewa mazoezi, tunamnunia, tunamsema, mwisho tunasikia kaacha kupiga kabisa.

Sasa kwanini nayasema haya yote wakati huu. Kikundi chetu kina volyum two ambayo haijaisha, wengi mnajua mmeshaniuliza barabarani. Studio yetu ni chumba chenye bati juu, mvua ya huku ikianza hakuna kurekodi sauti, unaisikia kwenye maiki kama mtu anamwaga mchele, na umeme ukikatika tunaanza upya, hayo yote tumeyazoea na sio yanayotuchelewesha. Kinachotuchelewesha ni besi. Mpiga besi wetu ni dereva wa lori, anabeba mzigo Dar kwenda Lubumbashi, akipita hapa anashuka anakuja mazoezi na nguo zake za safari, akivuka Tunduma hujui atarudi lini kwa sababu kuna foleni ya Tunduma af kuna foleni ya Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, na mtu anaweza akalala kwenye kichwa cha lori siku nyingi sana akisubiri karatasi. Wenzangu baadhi wanasema tuweke besi ya kinanda tumalize, mpiga kinanda anaweza, prodyuza anaweza, msikilizaji hatajua.

Mimi nimesema kikaoni na nasema hapa, msikilizaji atajua. Hatajua kwa akili, atajua tu kwamba kitu fulani kimetulia mno. Huyu bwana besi yake inachelewa kidogo nyuma ya mdundo, sio kwa kukosea, ndo anavyosikia yeye, na nyimbo zetu zote tulizitunga tukiwa tumeegemea ule uchelewaji, waimbaji wanavuta pumzi hapo. Ukiweka besi ya kinanda inayokaa juu ya mstari, sauti ya pili inakosa pa kupumulia, tumejaribu, na mwalimu wetu mwenyewe ambaye ndo alikua na haraka kuliko wote aliposikiliza akatikisa kichwa akasema "mwe, hapana".

Kwa hiyo kikao kimekubaliana hivi. Besi ya kinanda inabaki kwenye zile nyimbo kama ya kushikia mwendo tu, waimbaji wamalizie sauti zao, solo imalizwe, nafasi ya besi iachwe wazi. Prodyuza hakufurahi lakini amekubali. Dereva amepiga simu juzi kutoka Kasumbalesa anasema ameshapewa karatasi, anageuza. Nyimbo tumemtumia kwenye simu azisikilize njiani, na amesema kwenye wimbo wa tatu anataka kubadilisha mwanzo kabisa, ana kitu amekipata akiwa kwenye foleni. Akifika, tunaingia Jumamosi mchana, mvua ikituachia.